Ukoo Alioutunga Chiriku

Kila alasiri, kabla ya kugusa daftari, Chiriku alikuwa na kazi moja: kuchambua sufi. Bibi yake alikuwa mshona magodoro na mito, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana. Magunia ya sufi yalisimama ukutani kama wageni wanene waliokosa viti. Chiriku aliketi mkekani, akaichukua sufi konzi kwa konzi, akatoa mbegu na vijiti, na ile safi akaitupia kapuni. Nyuzi nyepesi zilimwingia puani akapiga chafya, na kila alipopiga chafya Bibi alisema bila kuinua macho kwenye sindano yake, "Afya, mke mwenzangu. Funga kitambaa puani. Nilishakuambia sufi haina adabu."

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na waliomwita Chiriku hawakumwonea, kwa maana mdomo wake haukuwahi kwenda likizo. Aliishi na huyo Bibi, mzaa mama, pamoja na mama yake aliyefanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Mama alirudi jioni akiwa mweupe kwa unga, toka nyusi hadi viatu, na watoto wa jirani walimwamkia kwa kicheko, "Shikamoo, Mama Unga!" Naye aliwaitikia marahaba huku akijipangusa, wala hakukasirika.

Siku hiyo Chiriku alikuwa na swali kubwa. Mwalimu wa darasa lao la sita alikuwa amewapa kazi ya wiki mbili. Kila mwanafunzi aandike habari za ukoo wake, vizazi vinne kurudi nyuma: walitoka wapi, walihama kwa nini, walifanya kazi gani. "Habari hizi hamtazikuta katika kitabu cha kiada," mwalimu aliwaambia. "Zimo vichwani mwa wazee. Kaulizeni."

"Bibi," alianza Chiriku, "mama yako alitoka wapi?"

Ile sindano ndefu ya magodoro ikasimama katikati ya mshono.

"Alitoka kwa mama yake."

"Na mama yake je?"

"Naye kwa mama yake. Watu wote duniani ndivyo walivyo." Bibi akaivuta sindano kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, uzi ukakatika. "Yaliyopita si ndwele, mjukuu wangu. Tugange yajayo, na yajayo ni gunia lile pale."

Chiriku alipomwuliza mama yake jioni, Mama alitazama kwanza mlangoni, kisha akanong'ona. "Nilimwuliza mara moja nilipokuwa na umri kama wako. Alishinda siku nzima bila kula. Sikurudia tena. Mwache bibi yako, mwanangu. Ana lake moyoni."

Kumwacha Bibi ilikuwa rahisi kusema. Shuleni Chiriku alikaa dawati moja na msichana aliyeitwa Profesa kwa ajili ya miwani yake na majibu yake yasiyoisha. Kabla wiki ya kwanza haijakwisha, Profesa alikuwa amekwisha kuchora ukoo wake kwenye karatasi nne zilizounganishwa kwa gundi. Vizazi saba! Babu mmoja alifua majembe, mwingine alivuka mito mitatu akiwa na ng'ombe wake, mwingine alikuwa mpiga ngoma wa mtu mkubwa. Wenzake wakamzunguka kama nyuki.

"Na wewe, Chiriku?" Profesa aliuliza akiweka miwani sawa. "Bado ukurasa mweupe? Au ukoo wenu umeanza juzi?"

Darasa likaangua kicheko. Chiriku akalifunga daftari lake, akalisukuma ndani ya dawati.

Jumamosi asubuhi alikuwa peke yake jikoni. Daftari lilikuwa wazi mbele yake, na juu ya rafu ilikuwapo pakiti ya chumvi yenye picha ya watu wawili wakikwangua chumvi kwenye mabwawa. Aliitazama picha ile muda mrefu. Mmoja wa watu wale alikuwa mrefu, mwingine mfupi, kama kaka na mdogo wake. Kalamu ikaanza kutembea. Baba wa babu, Chiriku aliandika, alikuwa mvuna chumvi. Mwaka wa njaa aliondoka mabwawani pamoja na kaka yake, kila mmoja na mzigo wa chumvi kichwani. Walipofika nyikani ukavuma upepo wa vumbi, wasionane. Kaka akaita, mdogo akaita, na upepo ukayala maneno yao. Yule mdogo akatembea mpaka mtoni, akajenga, akaoa, na hadi siku ya kufa kwake alikuwa akitoka nje kila jioni kutega sikio.

Alipomaliza alijisomea, na machozi yakamtoka. Jinsi kisa kile kilivyopendeza, kilionekana karibu kuwa kweli.

Mwalimu naye alitokwa na machozi. Alikisoma kisa kile mbele ya darasa zima, kisha akampa Chiriku kamusi mpya kuwa zawadi, na kana kwamba hayo hayakutosha, akatangaza kwamba amekipeleka redioni, kwenye kipindi cha watoto cha Jumapili. Profesa alimshika mkono. "Nisamehe kwa maneno yale," alisema. "Ukoo wako unashinda wangu."

Chiriku alitabasamu, kisha akaizamisha kamusi ndani kabisa ya mkoba wake. Jumapili ilipofika alitoa betri kwenye redio ya nyumbani akazificha ndani ya gunia la sufi. Mama alipobonyeza na kubonyeza bila kusikia kitu, Chiriku alisema, "Labda imechoka." Bibi akadakia, "Hata mimi nimechoka, lakini bado nasema." Wakacheka, na Chiriku akacheka pamoja nao, kicheko cha midomoni tu.

Zikapita siku kumi. Akaanza kuamini kwamba jambo lile limekwisha.

Siku ya kumi na moja alirudi kutoka shule akasikia sauti ya mwanamume chumbani mbele. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye ukingo wa godoro jipya, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kulichafua. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la safari. Magotini alikuwa na jalada nene lililofungwa kwa kamba, na miguuni pake palikuwa na blanketi jipya ndani ya mfuko wake na debe dogo la asali. Bibi alikuwa mbele yake, sindano mkononi, uso umejaa maswali.

"Shikamoo, Babu," Chiriku aliamkia.

Mzee akasimama ghafla mpaka jalada likaanguka, kamba yake ikafunguka. "Marahaba, marahaba, mjukuu wangu! Ndiye huyu? Ndiye huyu?" Akamwinamia Chiriku, akamtazama usoni. "Nimefika. Alhamdulillahi, nimefika!"

"Baba, tulia kwanza," Bibi alisema. "Nakwambia umepotea nyumba. Sisi hatuna mtu wa chumvi."

"Sijapotea, dada yangu. Nilisikia redioni kwa masikio yangu. Nilikwenda shuleni, mwalimu akanielekeza hapa, kwa mshona magodoro." Mzee akaketi tena, akaeleza mambo yake kwa pumzi fupi fupi. Alikuwa fundi wa reli mstaafu. Baba yake mzazi alikuwa mvuna chumvi, na alikuwa na mdogo wake mmoja tu. Mwaka wa njaa walitoka pamoja, wakapotezana njiani. "Baba yangu aliishi miaka mingi, lakini kwa siku zake tatu za mwisho hakuniita mimi wala mama yangu. Alimwita mdogo wake tu. Nikamwahidi nitamtafuta baba mdogo, na kama hayupo, basi wanawe, na kama hawapo, wajukuu. Ni miaka kumi na miwili sasa tangu nistaafu, natembea tu." Akamtazama Chiriku. "Hebu tazameni paji hili la uso! La baba yangu mtupu!"

Bibi aligeuka polepole. "Chiriku. Redio ilisema nini?"

Chiriku alijua angeweza kunyamaza. Mzee mwenyewe alikwisha kuliona paji la uso. Kilichobaki kilikuwa kutikisa kichwa tu, na mtu huyu angerudi kwao na furaha. Lakini mzee alikuwa ameinama anafungua mfuko wa blanketi, na mikono yake ilikuwa na mabaka ya kuzeeka, na alikuwa anasema, "Nililinunua siku nyingi. Nilijiambia, wa kwanza nitakayemwona katika damu yangu nitamfunika nalo."

"Babu, usilitoe," Chiriku alisema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Babu, usilitoe. Ni uongo. Nilitunga."

Mzee akainua kichwa.

"Kulikuwa na picha kwenye pakiti ya chumvi. Mwalimu alitaka ukoo, mimi sikuwa na cha kuandika. Wale ndugu wawili niliwatunga. Na upepo niliutunga. Hata sijui kama..." Alipiga magoti mkekani, akafunika uso.

Mzee hakugomba. Aliliokota jalada lake, akajaribu kulifunga kamba, vidole vikakataa. Akajaribu tena. Kumwona akihangaika na fundo lile kulimwuma Chiriku kuliko kiboko.

"Nipe," Bibi alisema. Akaifunga ile kamba mwenyewe. Kisha, badala ya kumgeukia mjukuu wake, aliketi chini, kitu ambacho hakukifanya kamwe mbele ya mteja wala mgeni. "Ndugu yangu, mtoto amekosa, na adhabu yake ataipata. Lakini nusu ya kosa hili ni yangu. Aliniuliza, mimi nikamfukuza. Mtu ukimnyima maji atakunywa hata ya matope."

"Bibi..." Chiriku alianza.

"Nyamaza leo, mdomo wako upumzike. Ukoo wetu unaanzia mlangoni mwa jiko. Haya, nimesema." Bibi akashusha pumzi ndefu. "Mama yangu alilelewa kwenye kambi ya machimbo ya mawe. Mwaka nzige walipokula kila kijani, hata nyasi za mapaa, alipita pale mwanamke mgeni akiwa na mtoto wa miaka mitatu. Alisema maneno mengi, wala mpishi wa kambi hakuelewa hata moja, maana lugha yake ilikuwa ya mbali. Akamwacha mtoto mlangoni mwa jiko, akaenda zake, hakuonekana tena. Mtoto yule ndiye mama yangu. Mpishi alimlea kwa mapenzi, lakini watoto wa kambi walimwita Makombo. Yaani kilichobaki jikoni. Alizeeka, akawa na wajukuu, na bado akisikia neno makombo mezani anainuka. Alipokuwa anakufa aliniambia, 'Usiwaambie wanao kwamba mimi nilitupwa.' Ndiyo maana nilikaa kimya miaka yote hii."

Palisikika mtu akivuta kamasi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mweupe kwa unga, na machozi yalikuwa yamechora mistari miwili mashavuni pake. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini. Alikuja akaketi karibu na mama yake, akamkumbatia, na kitambaa cha magodoro kikajaa unga, wala Bibi hakulalamika.

Mzee aliwatazama watatu wale. Akafungua tena kamba aliyofungiwa, akatoa karatasi yenye orodha ndefu ya watu aliowadhania kuwa ndugu zake, akapiga mstari juu ya jina moja. "Hili ni la kumi na tano kulifuta," alisema. "Linauma, lakini ni afadhali kulifuta leo kuliko kulibeba mpaka kaburini. Mjukuu wangu, umenikosea. Lakini umeniambia ukweli kabla sijalala kwenye nyumba isiyo yangu, na kwa hilo nakushukuru." Kisha akamgeukia Bibi. "Machimbo hayo, ni yale ya mlima mweupe, kando ya njia kuu ya reli?"

"Ndiyo hayo."

"Na ni mwaka wa nzige?"

"Ndivyo tulivyoambiwa."

Mzee akakuna kidevu. "Nimepekua rejista nyingi nikimtafuta baba mdogo. Kwenye hospitali ya zamani, stoo ya nyuma, kuna vitabu vya wagonjwa wa njia ile yote, hata wa mwaka wa nzige. Sikuvisoma vyote, nilikuwa natafuta wanaume. Mtu mwenye njaa na safari ndefu, dada yangu, mara nyingi huishia hospitali. Siahidi kitu. Lakini nikiwa wewe, ningekwenda."

"Na kama tutakuta kweli alimtupa?" Bibi aliuliza.

"Basi mtajua. Leo hamjui, na bado mnaumia."

Jumatatu Chiriku aliirudisha kamusi. Alisimama mbele ya meza ya mwalimu akaeleza yote, toka pakiti ya chumvi hadi kamba ya jalada. Alitaraji kelele. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema, "lakini ona ilivyomchosha mzee wa watu. Utawaambia wenzako mwenyewe, leo hii. Na utaandika barua redioni, nami nitaipeleka. Halafu utaifanya kazi niliyokupa. Hukuifanya bado."

Kusimama mbele ya darasa na kusema "nilidanganya" kulikuwa kama kumeza jiwe. Wapo waliocheka, wapo walioguna. Chiriku aliporudi kwenye dawati lake alitegemea Profesa asogee mbali naye. Profesa alikuwa anafuta kitu kwenye karatasi zake zilizounganishwa, uso umemwiva.

"Unafanya nini?"

"Kizazi cha sita na cha saba," Profesa alinong'ona. "Baba alisema tuweke tu, nani atajua." Akafuta mpaka karatasi ikatoboka, na Chiriku, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akacheka kweli.

Jumamosi iliyofuata walifunga safari wote watatu. Mzee wa reli aliwapokea kwenye lango la hospitali ya zamani, akawapeleka nyuma ya jengo la kufulia, kwenye stoo ndefu iliyonuka karatasi kuukuu na dawa ya mende. Mtunza kumbukumbu alikuwa mwanamke mnene mchangamfu aliyevaa glavu. Aliwapa na wao glavu. "Jasho la vidole linakula karatasi," aliwaeleza. "Na msilambe kidole kufungua ukurasa, hata kama shuleni mnafanya hivyo. Eti, binti?"

"Ndiyo, Shangazi," Chiriku alijibu, maana alikuwa amekwisha kukinyanyua kidole.

Vitabu vya mwaka wa nzige vilikuwa vitatu, vikubwa kama mbao za mlango. Waligawana. Mama alichukua kimoja na mzee, Chiriku akachukua cha pili na Bibi, na mtunza kumbukumbu cha tatu. Bibi hakusoma vizuri maandishi yale ya kupinda, kwa hiyo Chiriku alimsomea mstari kwa mstari. Wenye homa, waliovunjika, waliong'atwa na nyoka, wengi, wengi sana, na mbele ya majina mengi neno moja tu, "njaa". Saa nzima ikapita, na ya pili. Mara mbili walifikiri wamepata, mara mbili hapakuwa na mtoto.

Ilikuwa karibu saa nane za mchana mtunza kumbukumbu alipoacha kufungua kurasa. "Mpishi wa kambi, mlisema?" aliuliza.

Akaanza kusoma, polepole.

"'Mwanamke, miaka kama ishirini na mitano. Ameletwa kwa mkokoteni kutoka barabara ya machimbo. Ndui. Yupo kwenye wodi ya kutengwa. Hajui lugha ya hapa, anatafsiriwa na mgonjwa mwenzake. Jina halikusikika vizuri. Kazi yake, mfinyanzi wa vyungu. Ametoka nchi ya maziwa, mwendo wa wiki tatu kwa miguu, kwa sababu ya nzige. Mume alifia njiani. Ana mtoto wa kike. Alipoona vipele mwilini mwake alimwacha mtoto kwa mpishi wa kambi asije akamwambukiza. Mtoto ana kovu la moto...'"

"Mguu wa kushoto," Bibi alisema. "Chini ya goti."

Mtunza kumbukumbu akamtazama, kisha akarudisha macho kitabuni. "'Mguu wa kushoto, chini ya goti,'" alisoma. "Imeandikwa hivyo hivyo, Mama. 'Ameomba mtoto asiletwe hapa hata akilia. Kila asubuhi anauliza kama mtoto amekula.'" Sauti yake ikashuka. "'Amefariki siku ya kumi na moja. Msimamizi wa kambi ameandikiwa.'"

"Msimamizi hakumwambia mpishi," Mama alisema.

"Au alisahau," mzee wa reli alisema. "Kambi ile ilikuwa na watu mia nane, na wote wana njaa."

Bibi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Chiriku aliogopa kwamba ataanguka, akamshika kiuno. Lakini Bibi hakuanguka. Alianza kucheka, kicheko chembamba kilichochanganyika na kilio. "Hakutupwa," alisema. "Mama yangu hakutupwa. Alifichwa ugonjwa usimwone! Soma tena, mwanangu. Pale pa kula, pasome tena."

Mtunza kumbukumbu alisoma tena. Akasoma mara ya tatu bila kuombwa. Mama alikuwa amejiinamia mezani, mabega yanatikisika, na Chiriku alihisi kitu kizito kikimtoka kifuani, kitu ambacho hata hakujua amekuwa akikibeba tangu siku ile ya redio. Walipotoka nje kwenye jua, Bibi alivua viatu, akakaa kwenye ngazi za stoo, akanyoosha miguu kama msichana. "Nina njaa," alitangaza. "Sijawahi kuwa na njaa nzuri kama hii." Wakanunua mihogo ya kuchoma, wakaila palepale, na mzee wa reli akala mingi kuliko wote.

Mwalimu alipanga siku ya maonyesho ya koo mwishoni mwa mwezi, akamwalika Bibi. Chati ya Chiriku ilikuwa ndogo kuliko nyingi zilizobandikwa ukutani. Juu kabisa palikuwa na Mfinyanzi wa nchi ya maziwa, aliyekimbia nzige. Chini yake binti yake, aliyekulia kwenye kambi ya machimbo akaolewa na mchonga mawe, wakahama pamoja kwenda kujenga daraja. Halafu Bibi, aliyezaliwa kando ya daraja hilo akajifunza kushona magodoro, akaja mji huu na mumewe. Halafu Mama wa mashine ya kusaga. Halafu Chiriku. Na kwenye visanduku vitano, kwa wino uleule wa bluu, alikuwa ameandika neno moja: Sijui.

"Hivi visanduku vitano," mwalimu alisema akivigusa, "ndivyo vilivyonifurahisha zaidi."

Mzee wa reli naye alikuja, na jalada lake. Barua ya Chiriku ya kuomba radhi ilikuwa imesomwa redioni, pamoja na maelezo ya baba mdogo anayetafutwa, safari hii ya kweli. Alikuwa amepata barua mbili. Moja haikuwa na kitu. Nyingine alikuwa anaondoka kesho yake kwenda kuihakikisha. "Sijui kama ni wao," alimwambia Chiriku akimkonyeza, "lakini kusema sijui nimejifunza kwako."

Bibi aliombwa aseme neno. Alisimama mbele ya watoto arobaini na wazazi wao, akavuta ushungi wake, akakohoa.

"Mimi nilikaa kimya kwa sababu ya aibu," alisema, "na kumbe aibu yenyewe haikuwapo. Watu hawakujua kilichompata yule mwanamke, wakasema amemtupa mwanawe. Wakarudia mpaka mwanawe akaamini, nami nikaamini. Baadaye mjukuu wangu hakujua alikotoka, akatunga. Mnaona? Mahali pasipo na ukweli hapakai patupu, wanangu. Uvumi huingia, au uongo huingia, na vyote viwili vinaumiza watu. Kwa hiyo kama hujui, sema sijui. Si aibu. Kisha uinuke ukatafute, kwa jasho lako, mpaka ujue."

Watu wakapiga makofi. Yalipotulia, Profesa aliinua mkono, miwani ikiwa imemteleza hadi ncha ya pua.

"Bibi, na kama tukiwauliza wazee wetu wakatufukuza?"

Bibi alimtazama Mama aliyekaa mstari wa pili, akamtazama na Chiriku.

"Rudini kesho mkaulize tena," alisema. "Miaka yote ile niliyokuwa nawafukuza, nilikuwa nangoja mtu aniulize mara ya pili."